Si uzee, ni mahali ulipoliweka sikio

Jumamosi iliyopita, saa nane usiku, tulikuwa tunakunja nyaya kwenye ukumbi mmoja wa Makole. Spika moja ilikuwa bado haijazimwa, nikaiwekea Sikinde, bendi ya zamani ya muziki wa dansi, tufanyie kazi. Kijana anayenisaidia kubeba mitambo akatikisa kichwa: "Kaka, huu ni uzee tu. Mkifika 40 wote mnarudi huku." Wiki hiyohiyo mteja wa harusi alikuwa ameniambia neno lilelile, na kabla yake dada mmoja wa kwaya aliniambia upande wa pili wa imani hiyo: "Hukuipenda, umeizoea." Nimechoka kujibu mdomoni, naandika.

Nimefanya kazi ya mitambo ya muziki hapa Dodoma miaka 19, na kabla ya hapo nilipiga besi miaka sita. Nilikuwa naichukia Sikinde, na Msondo, bendi nyingine ya dansi, nilikuwa naichukia zaidi. Leo ndizo bendi ninazozipenda kuliko zote. Umri haukuhusika hapo. Nilikuwa sijawahi kuzisikia, ingawa zilipigwa mbele yangu mwaka hadi mwaka.

Anza na besi, maana hapa ndipo watu wananiudhi. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya simu haifiki huko. Chini ya hezi mia kadhaa inabaki na mnong'ono, na ubongo wako ndio unaojaza sauti iliyokosekana kwa kusikiliza vipande vya juu vya noti hiyo. Nyimbo za leo zinachanganywa na watu wanaojua kwamba utazisikiliza kwenye simu, kwa hiyo wanaikwaruza besi kidogo ili vipande vya juu vionekane. Rekodi ya mwaka 1980 haikufanyiwa hivyo. Halafu mtu anacheza Sikinde kwenye simu, imelala kifudifudi juu ya meza, anatoa hukumu: "Muziki mwembamba huu."

Basi, anasema, ana sabufa nyumbani. Sabufa ndiyo mbaya zaidi! Sabufa ndogo ya sebuleni ina noti moja au mbili inazozipenda, zile zinazoendana na boksi lake na tundu lake. Noti hizo zinavimba mpaka dirisha linatetemeka, na nyingine zinapotea. Kwa muziki ambao besi yake ni pigo moja linalorudiwa, hakuna hasara kubwa. Lakini besi ya dansi inatembea. Inapanda, inashuka, inauliza, inajibiwa. Ipitishe kwenye boksi la namna hiyo, katika noti nane utasikia mbili zinanguruma na sita zimekufa. Mtu anasema mpiga besi hajui kazi, kumbe boksi lake limemnyamazisha mwanamuziki. Nimewahi kuzima sabufa ya mteja mbele yake, nikamwachia spika mbili za kawaida tu, akaniuliza kama nimebadilisha wimbo.

Ongeza na njia ambayo rekodi hizo zilipitia. Miaka hiyo studio ya maana kwa bendi ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Santuri zilikuwa zikichapwa Kenya, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikabana. Kilichotufikia sisi wa bara ni kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni, kisha kaseti ya kaseti hiyo. Kila nakala inakula sauti za juu na kuongeza mvumo. Matoazi yanakuwa mchanga. Gita la rithim, lile linaloshika mwendo wa wimbo, ambalo uhai wake wote uko kwenye mguso wa kidole, linakuwa uji. Mjomba wangu alikuwa na kaseti za aina hiyo, na kwa kaseti hizo niliamua nikiwa na miaka 12 kwamba Msondo ni makelele.

Hayo ni ya mitambo. Lililobaki ni gumu zaidi, nalo ni mahali unapoliweka sikio.

Sisi tuliokulia kwenye nyimbo za dakika tatu tunasikiliza mwimbaji. Tunamfuata kama gari lililo mbele usiku. Ukiingia na tabia hiyo kwenye wimbo wa dansi, unapata beti za polepole, kisa kirefu cha ndoa au cha deni, na unangoja chemko, ile sehemu ya mwisho wimbo unapochangamka, kama anayengoja basi stendi ya Nanenane. Mimi nilichoka hivyo miaka mingi. Kisha bendi moja ya hotelini hapa mjini ikanihitaji, mpiga besi wao kaugua, na orodha yao ilikuwa nusu nzima Sikinde. Nikakaa na wimbo mmoja siku tatu nikitafuta noti za besi. Siku ya kwanza nilizibandika kwenye ngoma, kama nilivyozoea. Hazikukaa. Siku ya pili mpiga solo, mtu mzima asiye na maneno mengi, akaniambia: "Usimsikilize mpiga ngoma, msikilize rithim." Nikahamisha sikio, na wimbo wote ukageuka. Besi ilikuwa inamjibu rithim, second solo, yaani gita la kati, linapita kati yao kama mtu anayesuka ukili, na solo lenyewe, ambalo nilidhani ndilo wimbo, lilikuwa limelala juu yao tu. Zile beti ndefu nilizokuwa nikizivumilia ndimo ufumaji ulimokuwa ukifanyika, na chemko ni pale kitambaa kinapotandazwa.

Ushahidi wangu mkubwa ni Muhiddin Gurumo. Huyu aliimba NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964 na ambayo baadaye ikawa Juwata, kisha OTTU, na ndiyo Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, yaani Sikinde, na baadaye akarudi Msondo. Sauti ileile, mtu yuleyule. Mimi nilipoanza kuipenda Sikinde nilimpenda Gurumo wa Sikinde na nikaendelea kumchukia Gurumo wa Msondo kwa karibu miaka minne. Kama ni uzee, ulinipata upande mmoja wa kichwa? Kilichotokea ni kwamba nilikuwa nimejifunza kusikiliza magita, na Msondo inakudai usikilize pia wanaopuliza.

Hapo kuna jambo la Dodoma hasa. Mwezi wa sita hapa mchana ni joto, usiku jaketi. Tarumbeta inategemea joto la hewa iliyo ndani yake: kila nyuzi joto moja inaisogeza kwa karibu sehemu 3 za 100 za nusu toni, yaani ile hatua ndogo kati ya noti mbili za kinanda zinazofuatana. Mpulizaji akikaa kimya beti mbili kwenye baridi ya saa saba usiku, chombo kinapoa, na akiingia anaingia chini ya noti. Ataifikia noti baada ya pumzi chache, lakini wewe umeshakunja uso. Bendi inayotegemea tarumbeta na saksafoni kiasi cha Msondo inaumia hapo kuliko bendi ya magita. Mara mbili za kwanza nilizowaona jukwaani zilikuwa usiku wa namna hiyo, uwanja wa wazi. Siku hizi bendi yenye wapulizaji ikija kiangazi nawaomba wapulize ndani ya viganja vyao kabla ya zamu yao, na wengi wanajua tayari.

Lakini si kila sauti inayokwaruza sikio ni kosa. Hili nililijifunza kwa kuchelewa, na linaniuma kwa sababu nimezaliwa mkoa huu. Ilimba ya Wagogo, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, nilidhani haijatyuniwa. Ukisikiliza kinanda cha kanisani kisha ukamsikiliza marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyepiga ilimba, unajua kuna noti haikai. Haikai kwenye kinanda. Wagogo wanapanga sauti zao kwa kufuata zile sauti za juu zinazojitokeza zenyewe ndani ya noti moja, na ya 7 kati yake iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Theluthi ileile ambayo tarumbeta inashuka ikipoa nyuzi 10! Kwenye tarumbeta mimi na mpulizaji tunaikimbiza, kwenye ilimba ndiyo utamu wenyewe. Nilipolijua hilo nilikwenda kuwasikiliza kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kule Chamwino nikaona aibu kwa miaka niliyopita pembeni yao na masikio yaliyofungwa.

Sasa hoja ya mazoea, ile ya dada wa kwaya. Haikutoka hewani, nakubali. Robert Zajonc, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1968 kwamba watu wanaoonyeshwa maneno yasiyo na maana au picha za nyuso wanavipenda zaidi wanavyoviona mara nyingi. Sawa. Lakini mimi kazi yangu ni kusikia nyimbo mara nyingi. Kuna nyimbo za kuingiza maharusi nimezisikia kila Jumamosi kwa miaka, na kila mwaka nazichukia zaidi. Kama mazoea pekee yangetosha, ningekuwa nazilia machozi.

Kuna mahali maelezo yangu yanakwama, na siwezi kupaficha. Mama yangu hakuwahi kushika gita, hajui rithim iko wapi, na redio yake ni ile ndogo ya betri. Alikuwa akiizima Sikinde ikianza. Mjomba alipofariki, mwenye zile kaseti, mama akaanza kuiacha icheze. Mwaka wa pili alikuwa anaimba viitikio akipepeta mtama. Si spika, si mahali pa sikio kwa maana ninayoijua mimi. Nilimuuliza, akasema, "Mwanangu, nilikuwa nasikia kelele za kaka yangu, sasa namsikia yeye." Hilo silipimi kwa hezi.

Na kuna bendi moja, siitaji jina, ambayo nimeipa kila kitu: spika nzuri, rekodi safi, siku tatu za kuzifuata noti zake. Bado haijanifungukia. Wenzangu ninaowaamini wanaipenda sana, kwa hiyo sidhani kasoro iko kwao. Mwezi ujao wanakuja hapa na mitambo ni yangu. Nitaweka meza ya miksa kushoto, karibu na mpiga rithim, si katikati nilipozoea, na kijana wangu nitamsimamisha nyuma ya wapulizaji.