Kupima zebaki mtoni kunaanzia kwenye tope

Wakazi wa kando ya vijito vinavyopita kwenye machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita wakitaka kujua kama samaki wao wanalika, wengi hutujia sisi wapimaji na chupa ya maji. Swali lao ni la haki, ila chupa haiwezi kulijibu. Zebaki, metali ya majimaji ambayo wachimbaji huitumia kunasia dhahabu, ina uzito wa mara 13.6 ya maji. Ikimwagika mwaloni, pale mchanga uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, unapooshwa na kuchanganywa nayo ili dhahabu inaswe, huzama, kisha mvua huisomba pamoja na marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, na kuilaza kwenye tope laini la kona zenye mkondo mpole. Maji ya juu yanaweza kuwa maangavu, na kipimo kikasoma karibu na sifuri, huku mzigo wote uko chini ya nyayo za anayechota.

Kwa hiyo tunaanza na tope. Huchotwa kwa kijiko cha plastiki, maana cha chuma chaweza kuongeza metali yake, hukaushwa bila moto mkali kwa kuwa zebaki hupaa kwa joto, kisha huchekechwa zibaki chembe zisizozidi maikromita 63. Chembe hizo ndizo hushika kwa wingi zebaki na metali nyingine zenye sumu kama risasi na kadimi, nazo ndizo kambale huzichimbua akitafuta riziki yake.

Katika tope lisilo na oksijeni, bakteria hugeuza sehemu ya zebaki kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia kwa wadudu, ikapanda kwa samaki wadogo na kuzidi kwa wale wanaowala wenzao. Niseme wazi, nisije nikawaharibia wavuvi soko: sehemu kubwa ya samaki wa Ziwa Victoria waliopimwa walikuwa na zebaki chini ya miligramu 0.5 kwa kilo. Wasiwasi wangu uko kwenye madimbwi na vijito vya jirani na mialo.

Kuchemsha au kukaanga samaki hakuiondoi zebaki ya methili, kwa sababu imeshikamana na protini za mnofu, na samaki aliyekaushwa kwa moshi huwa nayo zaidi kwa kila gramu. Risasi na kadimi hukaa zaidi kwenye ini, figo, matamvua na mifupa, hivyo kumtumbua samaki vizuri husaidia. Mjamzito ajihadhari zaidi, kwani zebaki ya methili huvuka kondo la nyuma na kufikia ubongo wa mtoto, kama ilivyoonekana Minamata, Japani, ambako ugonjwa uletwao na zebaki hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Linalonikera kuliko yote ni marudio yenye zebaki kupelekwa kwenye sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki, kabla zebaki haijatolewa. Sayanaidi huiyeyusha pamoja na dhahabu, na ile iliyokuwa imelala ikapata miguu. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, unaitaja desturi hiyo miongoni mwa zinazopaswa kukomeshwa.

Anayetaka kijito chake kipimwe, basi, aje atuonyeshe mwalo uko wapi, maji ya masika hushukia upande gani, na watoto huvulia kambale kwenye kona ipi.