Je, uwanja mpya huizuia timu kuhama?

Kuna ujumbe wa miaka mingi kwenye magrupu: jiji la Marekani likijenga uwanja kwa kodi, timu haihami na fedha hurudi zenyewe. Si kweli. Jiji la St. Louis lilifungua wake wa futiboli ya Kimarekani 1995. Mkataba uliipa timu mlango wa kutokea iwapo uwanja hautakuwa katika robo ya juu ya viwanja vya ligi kwa ubora. Mwaka 2016 timu ilihamia Los Angeles, wakati huo deni la uwanja likiwa bado halijaisha.

Kinachochanganya ni baa kufurika siku ya mechi. Lakini futiboli ya Kimarekani ina mechi 8 au 9 tu za ligi nyumbani kwa msimu, na mkazi anayekula pale mara nyingi hakula mtaani kwake. Fedha imehama tu.

Kabla ya kusambaza, soma mkataba: deni linaisha lini, pango linaisha lini, matengenezo analipa nani? Ujumbe usiogusa hayo, uishie kwako.