Damu ya ndugu si lazima iwe salama zaidi

Mgonjwa akihitaji damu, ukoo mzima hukunja mikono ya mashati. Upendo huo hauna kasoro. Kasoro iko kwenye imani zinazoandamana nao, ambazo watafiti wamezikanusha kwa ushahidi miaka mingi sasa na bado zinarudiwa wodini kama kweli tupu. Kwa maoni yangu nyingi zina chimbuko moja: watu huiona damu kama maji ya kujazia tangi lililopungua, kumbe ni tishu hai ya mtu mwingine. Kumwongezea mtu damu ni kumpandikiza, kama anavyopandikizwa figo, ila hapa hakuna kisu wala uzi.

Dhana: Damu salama kuliko zote ni ya mzazi au ndugu wa tumbo moja

Hii nitaikalia zaidi, kwa sababu inaweza kuua, na wanaoishikilia ni watu wenye nia njema kabisa.

Karibu kila seli ya mwili yenye kiini hubeba alama za utambulisho ziitwazo HLA. Kila mtu hurithi seti mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Ndani ya mfuko wa damu mna seli nyeupe za mchangiaji, nazo huingia zikiwa hai. Kwa kawaida kinga ya mpokeaji huziona ni ngeni na kuzimaliza. Sasa chukua baba ambaye seti zake mbili zinafanana. Mtoto wake amerithi seti hiyo, pamoja na nyingine ya mama. Damu ya baba ikiingia, kinga ya mtoto inazikagua zile seli na haioni chochote kigeni, kwa hiyo inaziacha zikae. Zenyewe zinaiona ile nusu ya mama, zinaihesabu kuwa adui, na vita inaanza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baada ya wiki moja au mbili mgonjwa anapata homa na vipele, anaharisha, ini linavurugika. Kisha uboho, kiwanda chenyewe cha damu, unashambuliwa na chembe zote za damu zinaporomoka. Hali hii hutokea kwa nadra, lakini ikitokea hupoteza zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Ndiyo maana benki za damu zenye vifaa huimulika damu ya ndugu kwa mionzi ya kiwango cha grei 25 kabla haijatolewa. Mionzi huzinyima seli nyeupe uwezo wa kugawanyika, huku seli nyekundu, ambazo hazina kiini, zikiendelea na kazi yake ya kubeba oksijeni.

Kuna na hili. Ndugu anayesukumwa na familia nzima kutoa damu huona haya kusema ukweli wa maisha yake anapoulizwa maswali ya siri. Mchangiaji wa hiari, asiyelipwa wala kulazimishwa, hana sababu ya kuficha, na hao ndio Shirika la Afya Duniani linaowasisitiza kwa miaka mingi. Kama unataka kumsaidia ndugu yako, toa damu iingie benki, imfikie yeyote, naye apewe ya mtu asiyemjua.

Dhana: Kundi likishafanana, yamekwisha

Karl Landsteiner alichapisha ugunduzi wa makundi ya damu mwaka 1901 akiwa Vienna, na mfumo wa Rh, ule unaotofautisha chanya na hasi, ukafuata mwaka 1940. Leo mifumo inayotambuliwa imepita 40. A chanya na A chanya wanaweza kutofautiana katika alama nyingine, na aliyewahi kuongezewa damu au kubeba mimba anaweza kuwa ameshatengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshambulia kitu kigeni, dhidi ya mojawapo. Kwa hiyo maabara haiishii kwenye herufi. Majimaji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na seli za mchangiaji mahususi. Zikipatana, tone linabaki laini na la rangi moja. Zisipopatana, unaona vidonge vidogo vinajikusanya, kama maziwa yanapokatika.

Na yule O hasi anayeitwa mchangiaji wa wote? Ni kweli kwa seli nyekundu. Kwenye plazima, yaani yale majimaji ya damu, mambo hugeuka, kwa sababu plazima ya O ina kingamwili dhidi ya A na B. Huko anayewafaa wote ni AB.

Dhana: Hatari ya damu ni virusi vya ukimwi basi

Kipimo cha kwanza cha kuchuja damu dhidi ya virusi hivyo kiliidhinishwa Marekani mwaka 1985. Vipimo vya siku hizi vinavyotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe vimepunguza kipindi cha dirisha, yaani muda ambao mtu ameshaambukizwa lakini kipimo hakijaona, hadi siku 10 hivi. Kipindi hicho hakijafika sifuri, na penye uchujaji hafifu hofu hiyo ni ya haki. Lakini nchi zilizoanza kuhesabu kila dhara la damu, Ufaransa mwaka 1994 na Uingereza mwaka 1996, ziligundua kwamba penye vipimo vizuri wagonjwa hudhurika zaidi kwa mambo mengine: moyo kuelemewa na maji mengi, mapafu kushambuliwa, na damu kupewa mtu asiye mwenyewe.

Hili la mwisho linanigusa sana, maana halihitaji mashine ya bei ghali. Wauguzi wawili husimama kando ya kitanda. Mmoja humwomba mgonjwa ataje mwenyewe jina lake na tarehe ya kuzaliwa, mwingine hufuatisha kwenye bangili ya mkononi na kwenye lebo ya mfuko, namba kwa namba. Kumuuliza mgonjwa "Wewe ni fulani?" hakutoshi, kwa kuwa mwenye homa huitikia jina lolote. Ukiona wanarudia rudia kukuuliza, usikasirike.

Shambulio la mapafu nalo lina kisa chake. Mara nyingi chanzo ni kingamwili zilizomo katika plazima ya mchangiaji, hasa mwanamke aliyewahi kushika mimba, kwani mwili wake ulikutana na alama za HLA ambazo mtoto alizirithi kwa baba. Uingereza ilipoanza mwaka 2003 kutegemea zaidi plazima ya wanaume, matukio hayo yalipungua waziwazi.

Dhana: Damu ya mtu hubadili tabia yako

Hapana. Seli nyekundu haina kiini, yaani haibebi vinasaba, na huishi siku 120 hivi. Aliyepandikizwa uboho ndiye ambaye kundi lake la damu linaweza kubadilika likawa la mtoaji, na hata yeye hubaki na tabia zake.

Dhana: Kuongezewa damu hakumhusu anayesubiri figo

Kunamhusu sana. Jean Dausset aligundua alama ya kwanza ya HLA mwaka 1958 huko Paris kwa kuchunguza watu waliokuwa wameongezewa damu mara nyingi, kwani miili yao ilikuwa imejaa kingamwili dhidi ya seli nyeupe za wengine. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walionyesha gharama yake: kati ya figo 30 zilizopandikizwa kwa wagonjwa wenye kingamwili dhidi ya mtoaji, 24 zilikufa papo hapo. Kwa wasio nazo zilikufa 8 kati ya 195. Tangu hapo kipimo cha kulinganisha hufanywa kabla ya upasuaji.

Utafiti haukwenda mstari mmoja, na ni haki msomaji alijue hilo. Mwaka 1973 Opelz na Terasaki waliripoti kwamba waliowahi kuongezewa damu walidumu na figo zao vizuri zaidi, hata baadhi ya vituo vikaanza kuwaongezea kwa makusudi. Dawa ya kutuliza kinga iitwayo siklosporini ilipoenea miaka ya 1980, faida hiyo ilififia na hatari ya kingamwili ikabaki. Kwa hiyo daktari anayekwepa kukupa damu wakati unasubiri figo, akitumia sindano za erithropoetini, homoni inayouchochea mwili utengeneze damu yake, inapofaa, anakulindia nafasi yako ya kupata figo inayokupatana.

Dhana: Figo lazima itoke kwa ndugu, na ikishakubali dawa zinaachwa

Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 tu ya kufanana kikamilifu katika HLA. Figo iliyofanikiwa kwa mara ya kwanza, Boston mwaka 1954, ilitoka kwa pacha wa kufanana. Lakini uchambuzi wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba figo walizopeana mume na mke, ambao hawana unasaba, zilidumu kuliko zilizotoka kwa marehemu.

Kuhusu dawa, kinga haisahau. Mgonjwa huacha vidonge vya kutuliza kinga kwa sababu anajisikia mzima, anakula, anakojoa vizuri, na kovu tumboni limeshapona. Figo inaanza kuliwa polepole bila maumivu yoyote, na wa kwanza kujua huwa ni mtu wa maabara, anayeona kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, imepanda.