Topiki ya utafiti wa sheria: dhana potofu zinazowakwamisha wanafunzi, na ukweli wake

Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria wanapoanza kuulizana "topiki yako ipi?", simu yangu huanza kuita jioni. Mimi ni wakili, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasomea vijana mapendekezo yao ya utafiti kabla hawajayapeleka kwa wasimamizi. Nimeona wenye akili kali wakipoteza miezi miwili mizima. Si wavivu. Wameambiwa tu mambo yasiyo ya kweli kuhusu namna topiki inavyopatikana, wakayaamini. Nayaandika hapa yale ninayokutana nayo karibu kila mwaka.

Dhana: Chukua topiki pana, usije ukakosa cha kuandika

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Binti mmoja alinijia na kichwa hiki: "Ndoa za utotoni nchini Tanzania: changamoto na utatuzi wake." Jambo lenyewe linamgusa hasa; kijijini kwao aliwaona wenzake waliomaliza naye darasa la saba wakiolewa. Nikamuuliza, "Swali lako ni lipi?" Akanijibu, "Dada, si ndiyo hilo la ndoa za utotoni?"

Hapana. Hilo ni eneo. Humo ndani mna sheria, mila, dini, umaskini, shule, polisi na mahari. Ukiingia na kurasa 40 za tasnifu utagusa kila kitu kwa aya mbili mbili, halafu sura ya mwisho utapendekeza kwamba Serikali itoe elimu kwa jamii. Msimamizi ameshayasoma mapendekezo hayo mara mia.

Tukafungua hukumu yenyewe: Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama Kuu, Julai 2016. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali umri wa kawaida uliowekwa kwa mvulana ulikuwa 18. Mahakama ikasema vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani. Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufani hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Miaka ikapita, marekebisho hayakuja.

Hapo nikamwomba afungue ibara ya 30(5) ya Katiba aisome polepole. Ibara hiyo inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kutoibatilisha sheria papo hapo, bali kutoa muda ili kasoro irekebishwe. Na katika kipindi hicho sheria inahesabiwa kuwa halali mpaka kasoro irekebishwe au muda ule uishe, lolote litakalotangulia. Alisoma mara ya kwanza, akarudia, akainua kichwa: "Sasa huo muda ukiisha, inakuwaje?"

Nikamwambia, andika hilo kabla hujalisahau. Muda uliowekwa na mahakama ukimalizika bila Bunge kufanya lolote, vifungu vile vina hali gani? Vimekufa vyenyewe, au inatakiwa amri nyingine ya kuvizika? Mwaka ule mmoja ulihesabiwa tangu 2016, au rufani iliusimamisha? Mfungisha ndoa anayeletewa msichana wa miaka 16 na baba yake akiwa ameridhia, afuate nini? Ni binti yule yule, na uchungu ule ule aliotoka nao kijijini, lakini sasa ana jambo ambalo wanasheria wawili makini wanaweza kubishana, na ambalo yeye anaweza kulitafutia jibu kwa kusoma hukumu zisizofika 20. Kurasa 40 zilijaa, na bado ilimbidi apunguze.

Ninachowaomba wote ni kitu kimoja: waiandike topiki kwa sentensi moja inayoishia na alama ya kuuliza. Ikigoma, bado wapo kwenye eneo, hawajafika kwenye topiki.

Dhana: Unachagua topiki kwanza, kusoma kunafuata

Ratiba za vyuo zenyewe zinawafanya wanafunzi waamini hivi: wiki hii peleka kichwa, mwezi ujao anza kusoma. Lakini kichwa kitatoka wapi kwa mtu ambaye hajasoma? Ndiyo maana wengi hukimbilia steshenari, wakaangalia tasnifu za waliotangulia, wakabadilisha jina la mkoa.

Topiki huokotwa njiani. Hukumu za Tanzania zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, za Kenya kwenye tovuti ya Kenya Law. Huhitaji kulipia chochote zaidi ya bando. Chagua eneo moja, fungua hukumu kumi za miaka ya karibuni, na usitafute tu nani alishinda. Tafuta mahali majaji waliposita. Wapo wanaosema hoja fulani hawataiamua kwa sababu rufani imeshaisha kwa hoja nyingine. Wapo wanaotofautiana ndani ya jopo moja. Na mara nyingine utakuta majopo mawili ya Mahakama ya Rufani yamesema mambo mawili yasiyopatana kuhusu kifungu kimoja. Pale majaji waliposita, mwanafunzi ana nafasi ya kusema kitu.

Mahali pengine pa kuokota ni maisha yako mwenyewe. Kijana mmoja alikuwa amepania kuandika kuhusu mikataba ya gesi ya bahari kuu, kwa kuwa ilisikika nzito. Kila tukikutana, mazungumzo yalihamia kwa rafiki yake dereva wa bodaboda. Yule rafiki alichukua pikipiki kwa mkataba: hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 14, kisha chombo kinakuwa chake. Mwezi wa 11 akaugua, akalala wiki tatu. Bosi akaja na ufunguo wa akiba, akaondoka na pikipiki.

Nikamwambia alete huo mkataba. Ulikuwa ukurasa mmoja, umechapwa steshenari, una dole gumba la shahidi na alama ya kikombe cha chai pembeni. Kifungu cha nne kilisema dereva akishindwa kupeleka hesabu siku tatu mfululizo, chombo kitarudi kwa mwenyewe na dereva hatadai chochote.

Sasa huu ni mkataba wa namna gani? Ukisema ni kukodi huku unanunua, kuna sheria yake maalumu tangu 1966, Sura ya 14 ya Sheria za Tanzania. Ukisema ni makubaliano ya kawaida, unakwenda kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Na ukitazama jinsi bosi anavyopanga eneo la kuegesha na saa za kurudisha chombo, unaanza kujiuliza kama dereva si mwajiriwa, kwa sababu kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kimeweka vigezo vya kumdhania mtu kuwa ni mwajiriwa. Kila mlango unampa dereva kinga tofauti. Kijana aliiacha gesi siku hiyo hiyo.

Dhana: Topiki ikishaandikwa na mtu mwingine, imekufa

Mwanafunzi anatafuta "adhabu ya kifo Tanzania", anakuta makala kibao, anakata tamaa. Ukweli ni kwamba eneo lililoandikwa sana linakupa watu wa kubishana nao, na hiyo ni nusu ya kazi. Cha kuogopa ni swali lako kuwa limeshajibiwa, jambo ambalo ni tofauti kabisa na eneo kuguswa.

Tazama adhabu hiyo hiyo ya kifo. Mahakama ya Juu ya Uganda iliikataa adhabu ya kifo ya lazima mwaka 2009 katika kesi ya Kigula. Kenya ikafuata Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, halafu Julai 2021 Mahakama ya Juu ikalazimika kufafanua kwamba uamuzi ule ulihusu kosa la mauaji peke yake, baada ya mahakama za chini kuupeleka kwenye makosa mengine. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha hapa hapa kwetu, ikasema katika kesi ya Ally Rajabu kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kunavunja haki ya kuishi. Na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 197, ndiyo iliyokuwa ikimlazimisha. Mwezi huo huo Tanzania ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Je, jaji wa Mahakama Kuu anayekaa kutoa adhabu anaweza kuutumia vipi uamuzi wa Arusha? Makala kibao unazoziogopa nyingi hazikuuliza hilo.

Usilie eti mtu amekutangulia. Msome, uone alipoishia.

Dhana: Bila dodoso, huo si utafiti

Hii tumeiazima kwa wenzetu wa sayansi ya jamii. Kuchambua Katiba, sheria, kanuni, hukumu na Taarifa Rasmi za Bunge ni utafiti kamili wa sheria. Ukijiuliza ibara ya 30(5) ina maana gani, dodoso kwa watu 50 wa Kariakoo halitakusaidia. Ila ukitaka kujua mabaraza ya ardhi ya vijiji yanavyotumia kwa vitendo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kukaa maktaba hakutoshi. Nenda, na uanze kufuatilia barua za ruhusa mapema, kwani kutoka chuoni hadi ofisi ya kijiji kuna mihuri kadhaa. Swali ndilo linalochagua njia. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: wanaandaa dodoso, ndipo wanatafuta swali la kulipachika.

Dhana: Sheria ni ile iliyo kwenye nakala niliyorithi

Kwa ufupi tu, kwa sababu hili halina mjadala: angalia toleo. Sheria za Tanzania zina Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimesogea. Nimesoma pendekezo zuri lililojengwa lote juu ya kifungu kilichokwisha kurekebishwa. Ilibidi nimpigie mwenyewe nimwambie, na haikuwa simu rahisi.

Dhana: Akili bandia itanipa topiki pamoja na kesi zake

Sikatazi kuitumia kufikiri, hata mimi huiuliza mambo. Ila inaweza kukutungia kesi ambayo haijawahi kuwepo, yenye majina ya wadaawa (wenye kesi), namba na mwaka, na ukiiangalia huoni tofauti na ya kweli. Juni 2023 jijini New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani hukumu zilizobuniwa na programu ya namna hiyo. Hao walikuwa mawakili wazoefu.

Kwa mwanafunzi hatari inaanza mapema zaidi: topiki nzima inaweza kusimama juu ya mgongano wa hukumu mbili ambazo hazipo. Kesi ambayo hujaifungua mwenyewe na kuisoma mpaka mwisho isiingie kwenye pendekezo lako. Nakuomba sana katika hili.

Dhana: Mawazo ya kisheria lazima yaanzie kwenye Kiingereza

Vyuo vingi bado vinataka tasnifu kwa Kiingereza, na kuandika utaandika hivyo. Lakini kutafuta topiki ni jambo jingine. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na kwa muda mrefu kabla ya hapo mashahidi walikuwa wakisema kwa Kiswahili huku jaji akiandika kwa Kiingereza. Mikataba ya watu wa kawaida, wosia, na mihtasari ya mikutano ya vijiji imo kwenye Kiswahili. Maswali mengi yamelala humo, na asiyeijua lugha hawezi kuyaona.

Yule kijana wa bodaboda aliligundua hilo mwenyewe. Mstari wa kwanza wa mkataba ulisema, "Leo nimemkabidhi dereva chombo." Mstari wa mwisho ukasema, "Baada ya miezi 14 dereva atakabidhiwa chombo." Kitenzi ni kile kile. Mwanzoni kinamaanisha kushika ufunguo, mwishoni kinamaanisha kumiliki, na kati yake kuna miezi 14 ya hesabu ambayo mkataba hausemi ni kodi au ni malipo ya bei. Alipotafsiri kwa Kiingereza ilimbidi atumie maneno mawili tofauti, na tatizo likafutika machoni pake. Akarudi kwenye Kiswahili, na sura yake ya tatu yote, kurasa 12, ikawa juu ya neno "kukabidhi".