Mwendelezo wa huduma baada ya kiharusi ni nini?

Mwendelezo wa huduma ni matibabu kutokatika mgonjwa anapohamishwa: kutoka wodi ya hospitali ya Benjamin Mkapa au General pale Dodoma hadi nyumbani Kongwa au Bahi, kutoka kwa daktari bingwa hadi kwa tabibu wa zahanati, na kila siku mikononi mwa anayemuuguza. Kila anayempokea anatakiwa ajue mgonjwa ameshafanyiwa nini, dawa zipi zinaendelea, na arudi lini.

Mara nyingi mambo huharibikia kwenye karatasi ya ruhusa. Kuandikwa "kiharusi" tu hakutoshi. Kuna cha mshipa wa ubongo kuziba na cha mshipa kupasuka, na CT-scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, ndiyo huvitenganisha. Aliyezibwa mshipa kwa kawaida hupewa aspirini, mara nyingi miligramu 75 kwa siku. Aliyepasukiwa, dawa hiyohiyo yaweza kumvujisha damu zaidi. Tabibu asiyeambiwa aina atabahatisha. Kwa hiyo msitoke wodini kabla karatasi haijaonyesha aina ya kiharusi, majibu ya CT-scan, presha ya siku hiyo, dawa na dozi zake, na tarehe ya kliniki. Ipigeni picha kwa simu pia, maana karatasi husahaulika kwenye basi.

Kisha kuna dawa za presha. Zikiisha, mgonjwa anajisikia nafuu, nauli ya mjini hakuna, anaziacha. Presha haiumi, ndiyo maana ni rahisi kuisahau. Ulizeni mapema kama kituo cha afya cha jirani kinaweza kumpima na kumwandikia dawa zilezile. Kwa wengi lengo ni chini ya 140/90, au 130/80 mwili ukistahimili. Na mlenda unaopikwa kwa magadi usisahaulike: magadi yana sodiamu kama chumvi, nayo hupandisha presha, hivyo kuondoa kichupa cha chumvi mezani huku magadi yakiendelea jikoni ni kujidanganya.

Nyumbani, kosa linaloonekana sana ni kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli ya bega imelegea, linateguka, na maumivu yake humfanya akatae mazoezi, tena katika miezi 3 ya mwanzo ambayo viungo hurudisha nguvu haraka zaidi. Mshike kiunoni. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2, asipate vidonda vya mgongo na makalio. Ale ameketi wima, abaki hivyo nusu saa. Chai na maji hupalia kuliko uji mzito. Akikohoa au sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, chakula kinaingia njia ya hewa, na nimonia haiko mbali. Haya yafundishwe wodini, ndugu akifanya mwenyewe na muuguzi akimtazama. Maelezo ya mlangoni siku ya kuondoka hayashiki.

Anayeuguza naye apimwe presha siku hiyohiyo ya kliniki, na apangiwe wa kumpokea zamu. Mgongo ukimuuma au usingizi ukikatika wiki nzima, mgonjwa hageuzwi usiku.