Je, wajua kwa nini miji ya kale ya Italia imekaa juu ya vilima?

Ukitoka Siena asubuhi kuelekea kusini, kupitia bonde la Orcia, utaliona hili hata kabla hujasimama kunywa kahawa: ngano iko chini, barabara iko chini, lakini miji iko juu. Montalcino juu. Pienza juu. Montepulciano juu zaidi, mita 605 kutoka usawa wa bahari. Mkulima wa zamani alishuka alfajiri kwenda shambani na jioni akaukwea mlima, jembe begani, hoi. Ya nini kujitesa hivyo?

Jibu ambalo kila mwongoza watalii analo ni usalama, na ni kweli. Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, walikuwa wamekalia majabali haya kabla Roma haijawa na nguvu. Dola la Roma ya magharibi lilipoanguka katika karne ya 5, njia za mabondeni zikawa za majeshi, na kuanzia karne ya 10 hivi watu wakazidi kujikusanya vilimani ndani ya kuta. Hata Siena iliposalimu amri mwaka 1555, wakaidi wake walikimbilia Montalcino na kujishikiza huko hadi 1559.

Lakini kuna adui mwingine, na huyu sisi tunamfahamu vizuri: mbu. Bonde la Chiana na tambarare za Maremma zilikuwa vinamasi vya homa. Waitaliano waliamini homa hiyo inaletwa na mvuke mchafu wa matope, wakaiita mal'aria, yaani hewa mbaya. Ndiyo malaria hiyohiyo tunayopimwa zahanati. Basi wakapanda kufuata hewa safi. Sababu waliikosea, kinga wakaipata: mbu wengi walibaki chini kwenye maji yaliyotuama. Ni mwaka 1898 tu ndipo Giovanni Battista Grassi na wenzake walipoonyesha kwamba anayemwambukiza binadamu ni mbu aina ya Anofelesi, na Italia ilitangazwa kuwa huru na malaria mwaka 1970.

Na mbona miji hiyo haikubomolewa ikajengwa upya? Mara nyingi ni ufukara. San Gimignano ilikuwa tajiri, matajiri wake wakishindana kwa minara; inasemekana ilifika 72. Tauni ya 1348 ikaifyeka, ukaangukia mikononi mwa mji wa Florence, biashara ikahama. Leo imesimama minara 14, na watalii wanapanga foleni kuipiga picha.

Ukienda, acha gari nje ya kuta. Ndani kuna maeneo ambayo gari la mgeni haliruhusiwi, kamera zinakuona, na faini itakufuata hadi nyumbani. Baada ya chakula cha mchana maduka mengi hufungwa, kwa hiyo usishindane na wenyeji. Tafuta kivuli ukae.

Shida ya kuishi kileleni ilikuwa maji, na hapo ndipo ningekupeleka Orvieto. Mwaka 1527 majeshi yaliiteka na kuipora Roma, Papa Klementi wa 7 akatorokea mji huo ulio juu ya jabali. Akihofia kuzingirwa, akamwagiza msanifu majengo Antonio da Sangallo achimbe kisima. Kina chake kinapita mita 50. Kukizunguka zipo ngazi mbili za mviringo, kila moja ina vidato 248: moja ya kushuka, nyingine ya kupanda, wala hazikutani mpaka chini kwenye maji. Nyumbu wa mizigo (mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti) alishuka na vyombo vitupu akapanda na maji bila kugongana na mwenzake. Bado unaweza kuteremka. Katikati ya safari, chungulia dirishani: ng'ambo ya shimo utamwona mtu anapanda akihema, mkapungiana mkono, kila mmoja akaendelea na njia yake.