Je, kila kitu China huamuliwa Beijing?

Wengi wanaamini kwamba serikali ya China ina nguvu kwa sababu amri hutoka Beijing na kutekelezwa moja kwa moja hadi kijijini, ilhali India hujikongoja kwa kuwa madaraka yamegawanywa kwa majimbo. Ukitazama vyeo, imani hiyo ina msingi: viongozi wa mikoa ya China huteuliwa kutoka juu, kupitia chama tawala.

Fedha husimulia mengine. Takriban asilimia 85 ya matumizi ya bajeti ya China hupitia serikali za mikoa, miji, wilaya na kata, zinazolipa walimu na kugharamia hospitali. Katika India, ambayo ni shirikisho, majimbo hutumia takriban asilimia 60. Hata mageuzi ya kilimo ya China yaliyoanza mwaka 1978 yalijaribiwa kwanza na wakulima wa mkoa wa Anhui.

Kuhakiki haya si kazi ngumu. Taarifa ya bajeti ya China huwasilishwa bungeni kila Machi. Tafuta matumizi ya serikali kuu, kisha ya serikali za mitaa. Usiishie hapo, soma na mapato, maana kwangu huko ndiko kwenye kiini. Tangu mageuzi ya kodi ya 1994, karibu nusu ya mapato huingia serikali kuu, na sehemu kubwa hurudi chini kama ruzuku. Pengo lililobaki ndilo lililozisukuma serikali nyingi za mitaa kutegemea mikopo na kuuza haki za kutumia ardhi.